Wanachama Kumi na Mmoja

Programu ya Microsoft Access ina amri moja inayofanya kazi mbili kwa mkupuo: kubana faili na kulirekebisha. Unaibofya, unasubiri, na kama faili si kubwa, dakika moja au mbili zinatosha. Faili lililokuwa linagoma linafunguka, majedwali yapo, ripoti zinachapika, na kila aliyesimama nyuma ya kiti chako anashusha pumzi. Wachache hukumbuka kwamba amri hiyo imetengenezwa ili faili liwe zima, basi. Isichoweza kukisoma inakiacha nje na kuendelea na safari. Huandika makosa yake kwenye jedwali dogo la pembeni ambalo watu wengi hawalifungui kamwe.

Faili ninalolizungumzia lilikuwa la chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Manyovu, katika wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Ofisi ni chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la leja, na kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na majedwali mawili yenye maana. La kwanza ni la wanachama: namba, jina, kitongoji, simu. La pili ni la mizani: tarehe, namba ya mwanachama, kilo alizoleta. Umeme ulikatika karani akiwa katikati ya kuingiza kazi ya siku, na uliporudi, jedwali la wanachama halikusomeka tena. Kila ulipoligusa lilitoa ujumbe wa hitilafu na kufunga.

Orodha ya malipo ya pili ilitakiwa kufika benki baada ya siku nne. Kwa asiyelima kahawa nieleze: mkulima hupata malipo ya awali anapoleta kahawa yake, kisha ikishauzwa mnadani huletewa kilichobaki. Malipo ya awali huishia kwa vibarua na madeni ya dukani. Malipo ya pili ndiyo ada ya shule, bati, mbolea ya msimu ujao. Asiyekuwa kwenye orodha halipwi, na akija kuuliza huambiwa asubiri orodha nyingine.

Kazi ya aina hii ina sheria moja kabla ya nyingine zote: usiguse faili la asili. Nililinakili kwenye flashi mbili, moja nikamkabidhi katibu aifungie kabatini, ndipo nikaanza kufanya kazi kwenye nakala. Kando ya faili kulikuwa na faili jingine dogo lenye mkia wa ldb. Access hulitengeneza unapofungua kanzidata na kulifuta unapofunga. Likibaki, ni dalili kwamba programu haikupata nafasi ya kuaga.

Nikatoa ile amri juu ya nakala. Ikamaliza bila kunung'unika. Jedwali la wanachama likafunguka, majina yakajipanga vizuri. Mhasibu akapiga makofi. Nikamwomba katibu ripoti ya mwisho iliyochapishwa kabla ya hitilafu. Chini kabisa ilisema wanachama 612. Mbele yangu kwenye kioo walikuwa 601.

Hapo ndipo mhasibu alipotamka maneno yaliyobadilisha hewa ya chumba. "Bwana fundi, mashine yenyewe imewatoa hao. Tupeleke hawa mia sita na moja, hao wengine watahakikiwa baadaye."

Anayeishi Kigoma anajua uzito wa neno "kuhakikiwa". Watu wamevuka mpaka huu wakikimbia mauaji na vita mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, na kabla ya mpaka kuchorwa walikuwa wakivuka kwenda kuoa na kuchunga. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Jina lile lile karani mmoja huliandika Bigirimana, mwingine Bigilimana, na kuna ofisi ambako hiyo herufi moja inatosha mtu aanze kuulizwa babu yake amezikwa wapi. Ukitoka kwenye orodha kwa sababu ya umeme, unaweza kurudi kwenye orodha kwa njia ya maswali ambayo umeme haukuyauliza.

"Mashine haijamtoa mtu," nilisema. "Imeshindwa kusoma. Hayo ni mambo mawili."

Ushahidi wa kwanza ulikuwa kwenye jedwali la pili, ambalo halikuguswa. Muundo huu wa majedwali yanayoshikana kwa namba ulielezwa na Edgar Codd katika makala yake ya mwaka 1970, na uzuri wake mmojawapo huonekana siku ya msiba: upande mmoja ukipotea, upande wa pili bado unautaja. Niliuliza swali moja tu kwa kompyuta: nionyeshe kilo zote ambazo namba ya mwenyewe haipo kwenye orodha ya wanachama. Zikaja safu 37 za mizani, zikiwa za namba 11. Namba hizo zilifuatana bila kuruka hata moja.

Kufuatana huko kulikuwa na sababu. Faili la Access la aina ile limegawanywa katika kurasa za baiti 4,096, na likishabanwa, wanachama hupangwa ndani yake kwa kufuata namba zao. Majirani wa namba huwa majirani wa ukurasa. Nilipomtajia katibu namba hizo, alifungua leja ya uandikishaji, akaweka kidole. "Hawa tuliwaandika siku moja," alisema. "Wote ni wa kitongoji kimoja, kule bondeni karibu na mpaka." Ukurasa mmoja umeharibika, na kitongoji kimoja kimepotea. Leja yenyewe ilikuwa imenyeshewa, na mahali pale wino ulikuwa umeenea kama chai. Namba zilisomeka, majina hayakusomeka.

Nikarudi kwenye faili la asili, yaani nakala yake ya pili, nikalifungua kwa programu inayoonyesha baiti moja moja bila kutafsiri chochote. Mwanzoni kabisa maneno "Standard Jet DB" yalikuwepo, kwa hiyo kichwa cha faili kilikuwa salama. Nikashuka ukurasa kwa ukurasa hadi nilipoukuta. Baiti 512 za mwanzo zilikuwa sifuri tupu. Hiyo ni sekta moja ya diski, kipimo ambacho diski huandika kwa pigo moja. Umeme ulikata katikati ya mapigo.

Sasa, Access hujaza ukurasa kutoka chini kwenda juu. Mwanzoni mwa ukurasa huweka orodha fupi ya mahali kila safu inapoanzia, na safu zenyewe hukaa kuanzia mwishoni. Kilichofutika kilikuwa hasa ile orodha fupi. Watu walikuwa bado wamekaa chini, isipokuwa hakukuwa tena na wa kuonyesha mlango wa kila mmoja. Jina la kila mtu lilitanguliwa na baiti mbili, FF na FE, kisha herufi zake zikafuata, zinasomeka kwa macho. Nilimsomea katibu jina la kwanza. Akatikisa kichwa, akaandika. La pili. La tatu. Mhasibu alikuwa amenyamaza.

Kumi yalitimia. La kumi na moja lilikaa karibu zaidi na eneo la sifuri na lilikuwa limekatwa. Zilibaki herufi nne: "mana". Imana ni Mungu, na nusu ya majina ya kitongoji kile yanaishia hivyo.

Namba yake, hata hivyo, tulikuwa nayo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyobaki bila jina. Katibu akatuma mtu wa bodaboda. Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja mtu mzima, kitenge begani, akasalimia kila mtu mmoja mmoja kabla ya kukaa. Akafungua mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake stakabadhi nne za mizani. Namba ilikuwa ile. Kwenye stakabadhi mbili jina lake lilikuwa na r, kwenye nyingine mbili lilikuwa na l.

"Mama, tuandike lipi?" katibu aliuliza.

"Andikeni la kwenye kitambulisho, wanangu," alisema, akakitoa. "Ila kilo msizibadilishe."

Nilitengeneza kanzidata mpya tupu, nikaingiza majedwali yaliyo mazima, nikaandika wale 11 kwa mkono, kila mmoja mbele ya katibu na stakabadhi yake pale zilipopatikana, kisha nikajenga upya faharasa na uhusiano kati ya majedwali. Lile swali la kilo zisizo na mwenyewe nililiuliza tena. Jibu lilikuja tupu. Orodha ilichapishwa ikiwa na watu 612, na mhasibu akaitia sahihi bila neno.

Chama kimenunua betri ya UPS, na karani anabeba nakala ya faili kwenye flashi anaporudi nyumbani. Niliongeza jambo moja lisilohitaji umeme. Kila jioni, kabla ya kufunga, karani husoma kwenye kioo idadi ya wanachama na jumla ya kilo, akaziandika kwa kalamu kwenye daftari la kurasa mia mbili. Bila lile 612 lililochapishwa chini ya karatasi, 601 ingepita kama namba nyingine yoyote.