Mizizi ya hewani haili mti



Huku kwetu Bukavu, mti wa avoka ukianza kuzaa kidogo, wa kwanza kushitakiwa ni mmea ulioota juu ya matawi yake. Tunasema, "Toa kile, kinakula mti," na panga linafanya kazi yake. Mara nyingine tuna haki. Mara nyingine tunaua mgeni asiyekula chochote cha mwenye nyumba. Mmoja wa wageni hao ni okidi, na mimi ninaishi na moja karibu miaka miwili sasa.

Iliingia uani kwangu ndani ya mzigo wa kuni. Mama anayetuletea kuni, mzazi wa mtoto niliyemfundisha mwaka wa tano, alitua mzigo wake, na juu ya gogo moja la mti wa msituni niliona majani mazito yamepangwa pande mbili kama mifupa ya samaki. Kamba nene nyeupe zilizunguka gogo, na nyingine zilining'inia hewani tu. Mama alitaka kung'oa yote ili kuni ziwake vizuri. Nilimwomba aniachie gogo lile kama lilivyo.

Tuanze na swali la panga: utajuaje mwizi ni nani? Kimelea cha kweli tunakiona kwenye miti yetu ya avoka na maembe. Ndege huacha mbegu zake zenye ulimbo juu ya tawi. Ukikata tawi hilo utakuta kimeingia ndani ya mti wenyewe, na mahali kilipoingia pamevimba. Hicho kinanyonya, kiondoe bila huruma. Okidi haiingii. Mizizi yake inashika gome kwa nje tu. Ukiinua mzizi mmoja polepole, chini yake gome ni zima. Mti unaipa mahali pa kukaa karibu na mwanga. Maji na chakula inajitafutia kwenye mvua, ukungu na majani yaliyooza katika nyufa za gome.

Zile kamba nyeupe ndizo mizizi yenyewe. Kila mmoja umevikwa tabaka kama sponji, linaloitwa velameni. Likiguswa na mvua linavuta maji haraka, na weupe unageuka kijani. Hapo ndipo utapima kama mmea uko hai. Nyunyizia maji kidogo, ungoje dakika chache. Mzizi mgumu unaogeuka kijani ni mzima. Mzizi wa kahawia ulio laini, ambao ukiuminya unabaki uzi mtupu, umeoza.

Kinachoua okidi nyingi zilizookolewa ni huruma yenyewe. Mtu anaipanda ndani ya udongo na kuimwagilia kutwa kama lenga-lenga. Mizizi iliyozoea hewa ikizikwa inaoza, na majani yanafuata. Mimi nilichukua wembe nikaupitisha juu ya moto, nikakata mizizi iliyooza, nikapaka unga wa makala kwenye vidonda ili vikauke. Mmea ulikuwa umevunjika vipande viwili, na kila kipande kilikuwa na mizizi yake. Kikubwa kilibaki juu ya gogo lake. Kidogo nilikifunga kwa utepe wa kitenge cha zamani juu ya kipande cha mti wa avoka. Usitumie mkaratusi, maana gome lake linabambuka na kuangusha kila kinachoshikilia.

Nilivitundika chini ya paa, upande unaopata jua la asubuhi tu. Jua la saa sita linaunguza majani. Maji ni ya mvua, asubuhi, ili hadi jioni mizizi iwe imekauka. Wakati wa mvua nyingi siongezi kitu. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, nanyunyizia kila asubuhi. Maji ya sabuni hapana, na mbolea ya ng'ombe juu ya mizizi hapana.

Kwa miezi minne hakukutokea kitu. Jirani yangu aliniuliza kwa nini namwagilia kuni. Halafu ncha ndogo ya kijani ikachungulia chini ya jani: mzizi mpya. Mwaka uliofuata yakaja maua, meupe kama nyota, kila moja na mkia mwembamba uliopinda nyuma, wenye asali ndani. Mchana hayanukii sana. Giza likiingia uani kwote kunanukia, maana maua ya namna hii huwaita vipepeo vya usiku. Yalipoanza kuzeeka yaligeuka rangi ya chungwa, na hapo nikaitambua: ni ya kundi la Cyrtorchis, ambalo ni la Afrika hii yetu.

Yule mama wa kuni alipoyaona alifurahi kuliko mimi. Akasema, "Mwalimu, kule juu ziko nyingi. Nitakuletea. Utanipa franki ngapi?"

Wamama, swali hilo lilinikalisha chini. Ana watoto watano, na mzigo wake wa kuni najua unauzwa bei gani. Lakini okidi si kama mchicha. Mbegu zake ni vumbi. Hazina akiba ya chakula kama mbegu ya maharagi, na zinahitaji kukutana na aina fulani ya kuvu ndipo ziote. Mmea mmoja unachukua miaka kabla ya kutoa ua. Nikilipa moja leo, kesho zitang'olewa kumi kwenye miti iliyosimama, na misitu iliyo karibu nasi ni ile ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa tangu 1970. Kuokoa ni kuchukua kile ambacho mti wake umekwisha kuanguka. Kilicho juu ya mti ulio hai hakihitaji mwokozi.

Nilimjibu, "Mama yangu, kuni nitaendelea kununua kwako. Maua sinunui." Alinyamaza, kisha akauliza kama maua haya hayana faida yoyote ya kula. Nikamwambia juu ya dada yao, vanili, inayolimwa Beni na Ituri: nayo ni okidi yenye mizizi ya hewani, na maganda yake huuzwa. Huku kwetu, mkulima anachavusha ua moja moja kwa mkono, asubuhi, maana ua halimalizi siku mbili. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Mama akasema, "Basi hiyo ndiyo unifundishe." Deni hilo ninalo bado, na nimeanza kuuliza wapi tutapata miche.

Alipoondoka nilimpa kile kipande kidogo juu ya mti wake wa avoka. Kinaning'inia mlangoni kwake, na wiki iliyopita kilikuwa na mizizi mipya miwili.

Wiki hii, kabla ya kupasua kuni, geuzeni kila gogo mara moja. Na kabla ya kupandisha mtoto na panga juu ya avoka, pandeni kwanza na jicho: kimeingia ndani ya mti, au kimeshika gome tu?