Hitilafu Zisizofika Kwenye Seva

Jumatatu, 3 Machi 2025

Dada wa kaunta yetu ya tiketi za mabasi ya Mbezi kapiga simu tena. Abiria wanabonyeza "Lipa" kwenye tovuti, hakuna kinachotokea, wanamfuata dirishani na pesa mkononi. Nimepekua kumbukumbu za seva: safi, hakuna hata hitilafu moja ya 500. Hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Programu ikikwama ndani ya kivinjari, ombi halitoki kwenye simu ya mtu, na seva haiwezi kujua kwamba kuna mtu alijaribu. Tunawajua wachache wanaolalamika tu. Wengine wanafunga ukurasa na kuwafuata wapiga debe.

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka Sentry, zana ya kukusanya ripoti za hitilafu. David Cramer aliianzisha mwaka 2008 kama kiongezi kidogo cha Django, na mfumo wetu ni wa Django, kwa hiyo upande wa seva haukunisumbua. Kivinjari ndicho kilichokula siku nzima.

Ripoti za mwanzo zilisema "Script error." basi, hakuna faili, hakuna mstari. Faili zetu za JavaScript zinakaa kwenye kikoa kingine, na kivinjari huficha undani wa hitilafu za namna hiyo hadi lebo ya skripti iwekewe crossorigin na seva ya faili itoe ruhusa ya CORS. Baada ya hapo maelezo yakaja, lakini yote yanaelekeza mstari wa 1, kwa sababu msimbo umebanwa. Sasa kila toleo linapotoka, ramani zake za msimbo (source maps), zinazorudisha mistari halisi, zinapakiwa Sentry pekee, haziwekwi hadharani, pamoja na namba ya toleo.

Alhamisi, 6 Machi

Imepatikana! "replaceAll is not a function." Hatua ya kuondoa nafasi kwenye namba ya simu inatumia replaceAll, ambayo Chrome ilianza kuitambua kwenye toleo la 85, mwaka 2020. Abiria wenye simu zenye Chrome ya zamani kuliko hiyo walikuwa wanagonga ukuta. Replace ya kawaida yenye alama ya g inatosha; imeshapelekwa.

Kilichonitia wasiwasi ni kingine. Ndani ya ripoti ileile kulikuwa na namba nzima ya simu ya abiria, na njia aliyochagua. Sentry huondoa yenyewe nywila na namba za kadi. Namba hii iliiacha. Mtu alitaka tiketi ya Iringa, hakuomba namba yake ihifadhiwe nje ya nchi, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nimeandika kitendakazi cha beforeSend cha Sentry kinachofuta namba na majina kabla ripoti haijatoka kwenye simu, na ripoti za zamani nimezifuta.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi anataka kila hitilafu iingie kundi la WhatsApp. Nimemkatalia kwa heshima. Kelele za ResizeObserver na za viongezi vya vivinjari zingejaa humo, na kufikia Ijumaa kila mtu angekuwa amelizima sauti. Tumekubaliana: arifa itumwe hitilafu mpya ikitokea kwenye ukurasa wa malipo, au hitilafu yoyote ikigusa watu wengi ndani ya saa moja. Idadi ya watu, si idadi ya matukio. Simu moja inayorudia kosa inaweza kuonekana kama janga.

Bado mtandao. Abiria akiupoteza katikati ya malipo, ripoti nayo inapotea. Sentry ina njia ya kuihifadhi kwenye kivinjari na kuituma mtandao ukirudi. Kesho naijaribu kwa simu ya zamani, data ikiwa imezimwa.