Siringi Jamani, Nakwepa Mwamba!

Hivi jamani, msichana akikataa lifti ya bosi ni lazima awe anaringa? Nauliza tu, maana mjini hapa ukishika adabu zako watu wanakubatiza majina. Mara anajisikia, mara ana nyodo, mara anajiona matawi ya juu. Waliosoma kidogo ndio kabisa, wanakubatiza kwa Kimombo.

Mimi langu nililipata kwenye ofisi moja hapa Dar, jina lake naliweka kapuni. Nilikuwa na kibarua cha miezi mitatu, kupokea simu na kupanga mafaili. Mkuu wangu wa kitengo, mtu mzima wa kunizaa kabisa, alianza na lifti. Nikamwambia asante, napanda daladala. Zikafuata chipsi kuku. Halafu ikaja ile ya "Jumamosi njoo tumalizie kazi". Kazi gani na ofisi imefungwa? Nikaendelea kumpa shikamoo yake kila asubuhi, nafanya kazi yangu, muda ukifika nabeba mkoba wangu huyoo.

Mkataba ulipoisha, kwenye fomu ya tathmini aliniandikia neno moja tu: "aloof". Kazi nikaikosa, na kodi ya chumba ilikuwa inanisubiri.

Sasa mimi na kidato changu cha nne nikasema siwezi kufukuzwa na neno nisilolijua vizuri. Nikalifuata kwenye kamusi. Maana yake ya leo ni mtu anayejitenga, asiyechangamka, wa kukaa mbalimbali na wenzake. Lakini asili yake, msomaji wangu, ni baharini!

Waingereza walianza kulitumia karne ya 16, enzi za meli za matanga. Limetokana na "loof", ndugu wa neno la Kiholanzi "loef", yaani upande unakotoka upepo. Mabaharia wetu wa pwani upande huo wanauita goshini, na ule unakokwenda upepo wanauita demani. "Aloof" ilikuwa amri kwa mshika usukani: elekeza omo upande wa upepo, tukae mbali na ufukwe.

Kwa nini wakae mbali? Chombo cha tanga kina tabia moja. Hata kikienda mbele vizuri, upepo unakisukuma pembeni pole pole kuelekea demani. Kama upande huo kuna miamba na nahodha anapiga stori, mtashtukia mmeshapanda juu yake. Mjomba wangu anayevua kwa ngalawa Kunduchi analijua hilo kuliko kamusi yoyote, maana kusi ikivuma katikati ya mwaka inatoka baharini kuja nchi kavu.

Kule kusukumwa pembeni Waingereza wanakuita "leeway". Cheki sasa kituko. Baharini "leeway" ni hasara, nahodha anaipigia hesabu asije akagonga. Lakini huku nchi kavu neno limegeuka tamu, wanamaanisha nafasi au uhuru kidogo wa kufanya utakavyo. Mkuu wangu alikuwa anaitafuta hiyo hiyo. Leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa Jumamosi. Ukilitazama moja moja hakuna kubwa hata moja, na ndivyo chombo kinavyosogezwa mwambani.

Lipo na lingine, "taken aback". Upepo ukigeuka ghafla ukaja kwa mbele, tanga linabanwa kwenye mlingoti na meli inakwama. Siku hizi linamaanisha mtu aliyepigwa na butwaa. Mngeona sura ya mzee siku niliyomwambia Jumamosi siji, msingehitaji kamusi!

Na Kiswahili chetu hakikubaki nyuma. Tunajua kubisha hodi, tunajua kubisha kwa ubishi. Watu wa bahari wana kubisha kwingine: kuendesha chombo kwa tanga kinyume cha upepo. Tanga haliwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka, kwa hiyo wanakata upande huu, kisha wanakata upande ule, mpaka wanafika. Inachosha, tena inachelewesha, lakini safari ipo. Dada anayesema hapana naye anataka maisha kama wengine. Anakwenda, ila anabisha.

Tatizo ni wale waliosimama ufukweni. Wanaona jahazi limekaa kule mbali, mwamba ulio chini ya maji hawauoni. Basi wanasema linaringa.

Kina dada na sisi tusizidishe. Ukielekeza omo kwenye upepo kupita kiasi, tanga linapigapiga tu na mwendo unakufa. Siyo kila mkaka anayekuambia habari za asubuhi ni mwamba. Wengine wanataka kuazima kalamu, wengine ni marafiki wa kweli, na kazini bila watu hufiki popote. Angalia upepo unakupeleka wapi, ndipo ushike usukani.

Na nyie kina kaka na kina baba wa maofisini, mkimwona binti anafanya kazi yake, anawaamkia kwa heshima na muda ukifika anakwenda kwao, msimwandikie Kimombo. Jiulizeni kwanza kama mwamba wenyewe siyo nyinyi.

Mimi nimeshapata kibarua kingine. Mshahara ni mdogo kuliko wa kule, sifichi. Lakini Jumamosi nipo nyumbani, nafua nguo zangu na redio nimefungulia mpaka mwisho.

Tukutane wiki ijayo!