Gari la kulala, bonde la Mkondoa, na nani alinde mlango

Kuna wapenzi ambao mapumziko yao ni Zanzibar, kila mwaka, hoteli ileile. Halafu kuna hawa wengine. Wanachukua Hiace, wanang'oa viti vya nyuma, wanatandika godoro, wanaweka jiko dogo la gesi, dumu la maji na pazia la kitenge, kisha wanaondoka Dar Ijumaa jioni bila kumuaga mtu. Hawa wa pili wanaongezeka, na mimi binafsi nawapenda zaidi. Ila wakikutana wao kwa wao, maongezi yao yanaishia kwenye jambo moja: wizi. Mtalala wapi? Nani ataliangalia gari mkishuka mtoni? Na itakuwaje mkirudi mkakuta kioo kimepasuliwa na begi limeyoyoma?

Basi tuyapeleke maswali hayo Munisagara, mahali ambapo hakuna maegesho yenye geti wala mlinzi wa kampuni.

Munisagara iko upande wa magharibi wa Kilosa, kwenye bonde la mto Mkondoa, ambako reli ya kati ya zamani inapanda kuelekea Gulwe na Dodoma. Ni reli ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, wakafika nayo Kigoma mwaka 1914. Milima ya Usagara imebana, mto unapinda na reli inaufuata. Asubuhi ukungu unakaa juu ya maji mpaka jua lipate nguvu. Kwa wapenda picha hapa ni peponi. Kwa wapenda bafu la maji moto, wajameni, si sana.

Mkipitia barabara kuu ya Iringa, mtakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha mji wa Mikumi, halafu mnapinda kulia kwenda Kilosa, zaidi ya kilomita 70. Mkitaka, mnaweza kushikia Dumila. Mimi nachagua Mikumi, kwa sababu somo la kwanza la kulinda gari linatolewa pale bure kabisa, na walimu wake ni nyani.

Msicheke. Nyani wa kando ya barabara ile wameshajua kwamba gari ni kabati la chakula. Dirisha likiachwa wazi kidogo, mkono umeshaingia, ndizi zimetoka na pochi ya dada imezifuata. Mkilala kwenye kambi za hifadhini, matunda yasikae ndani ya hema wala juu ya godoro, maana tembo naye ana pua, na yeye hahitaji ufunguo. Chakula kifungiwe kwenye chombo kisichotoa harufu, vyombo vioshwe kabla ya giza. Na msimlishe mnyama hata kama anavutia kwenye picha. Atakayepata taabu ni anayefuata nyuma yenu.

Somo la pili liko mjini Mikumi, kwenye maegesho ya malori. Tazama utingo anavyolala: chini ya trela au juu ya mzigo, na dereva amelala kwenye kabini. Magari yanaegeshwa kwa kubanana, mahali penye taa, karibu na mama ntilie anayekesha. Watu hawa wanabeba mali ya mamilioni na wanaishi barabarani. Ukiona wao hawalali mahali fulani, na wewe usilale hapo, hata kama mbalamwezi ni nzuri kiasi gani.

Sasa gari lenyewe. Mwizi wa kwetu mara nyingi halitaki gari zima, anataka vipande. Vioo vya pembeni, taa, betri, tairi la spea, siku hizi na paneli ya sola iliyoko juu. Ndiyo maana mtu wa Dar anaandika namba ya gari kwenye vioo na taa. Inaharibu sura kidogo, lakini kioo chenye namba ya mtu ni kigumu kuuzika. Fanyeni hivyo kabla ya safari, na paneli msiisahau. Spea ifungwe kwa mnyororo na kufuli. Mfuniko wa tanki uwe na ufunguo, maana kunyonya dizeli ni kazi ya dakika chache na mpira mmoja. Kisha mwombeni fundi umeme awawekee swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta. Ni kitu cha bei ndogo, na kinamfanya mwizi aliyeshawasha gari abaki akihangaika na stata mpaka watu waamke. Kufuli la usukani nalo ni zuri kwa sababu linaonekana kupitia kioo. Kifaa cha kufuatilia gari kwa simu kinategemea mtandao, na mabonde yana tabia zake, kwa hiyo kisiwe tegemeo lenu pekee.

Kadi halisi ya gari ibaki nyumbani, njiani mtembee na nakala. Kumwachia mwizi gari pamoja na kadi ni kumrahisishia kuuza. Bima nayo muiangalie: wengi wetu tuna bima ndogo, ile ya kulipa hasara ya mtu mwingine, na hiyo haikurudishii gari lililoibwa. Hata mwenye bima kubwa asome karatasi yake vizuri, kwani mara nyingi kamera na kompyuta zilizokuwa ndani hazimo.

Pazia la kitenge nalo lina kazi zaidi ya ile mnayoifikiria. Kisichoonekana hakitamanishi. Begi likiwa kitini, hata tupu, ni mwaliko.

Wasafiri wa treni wa reli hii wanayajua haya siku nyingi. Waliokwenda Kigoma usiku walifundishwa kushusha dirisha kila treni inaposimama kituoni, na wenye akili walibeba kipande cha mbao cha kulikazia, maana mkono wa nje ulikuwa na kasi kuliko usingizi wa ndani.

Ukirudi nyuma zaidi, bonde hili lilikuwa njia ya misafara. Hata hiyo "vani" ya wenzetu ni mkia wa neno la Kiajemi lenye maana ya msafara. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na wapagazi, na mizigo ya vitambaa na shanga. Usiku misafara ya zama hizo ilizungushia kambi boma la miiba, mizigo katikati. Na bado, kabla ya kufika huku, Stanley alikuwa ameshamtimua mpishi wake mwenyewe kwa udokozi. Boma halikusaidia kitu, kwani aliyedokoa alikuwa ndani.

Lakini wizi mkubwa wa eneo hili haukuvunja kitasa. Novemba 1884 Karl Peters alifika Msovero, hukuhuku Kilosa, akapata alama ya Mangungo kwenye karatasi ya Kijerumani. Kila aliyesoma historia shuleni anamjua Chifu Mangungo, na mpaka leo tunamtania mtu anayesaini bila kusoma. Desemba Peters akaendelea mpaka kwa mtawala ambaye karatasi zake zinamwandika Muinin Sagara, na jina hilo ndilo mnalolisikia kwenye Munisagara ya leo. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazipa baraka karatasi hizo. Yaani wageni walikuja wakapokewa, wakaondoka na nchi. Kwa hiyo mkifika na gari lenu mkaanza kumtazama kila anayepita kwa jicho la wizi, jueni kwamba kwa historia ya hapa mwenye haki ya kumshuku mwenzake ni mwenyeji.

Na atawashuku kweli mkijificha. Kilosa imeona migogoro mizito ya wakulima na wafugaji, na gari lisilojulikana likizima taa porini usiku linazua maswali. Fikeni jua likiwa bado juu. Nendeni ofisi ya kijiji, "shikamoo" itangulie, mwonaneni na mwenyekiti au mtendaji, mjiandikishe. Mkiulizwa nyie ni nani kwa nani, jibuni bila kuumauma maneno. Sijui kwa nini wapenzi wa mjini wanaona aibu hapo. Ombeni kuonyeshwa pa kuegesha: kwenye uwanja wa ofisi, karibu na kituo, au uani kwa mtu. Kisha muulize nani anaweza kulinda, mpatane bei mbele ya mwenyekiti, nusu usiku huo, nusu asubuhi. Msifanye kwa fadhila tu, yule ni mtu kazini. Mnunulie na chai. Kwa hesabu yangu hiyo inazidi alamu yoyote, kwa sababu alamu ikilia hapa hakuna anayejua inamlilia nani, lakini mgeni wa mwenyekiti akiibiwa, kijiji kizima kimeaibika.

Mchanga wa mtoni utawatamanisha: tambarare, safi, pa faragha. Hapana. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo, ukaingia Kilosa mjini na kusomba reli kuelekea Gulwe, na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Mvua inayowasombeni inaweza kunyesha juu milimani nyie mkiangalia nyota. Egesheni juu, pua ya gari ikitazama njia ya kutokea.

Wanaoona yote haya ni kasheshe wapande treni ya umeme. Tangu 2024 inatoka Dar hadi Dodoma, ina kituo Kilosa na inapita kwenye mahandaki ya milima hiihii. Gari libaki nyumbani.

Wenye gari, jambo moja kabla hamjawasha. Ufunguo wa akiba usikae ndani ya gari, na usikae kwenye suruali ileile yenye ufunguo wa kwanza. Ashike mwenzako. Na mkishuka mtoni kuoga, mmoja abaki juu, mbadilishane.