Jambiani, Ambako Bahari Ndiyo Bosi

Kama wewe na mwenzi wako mnalala kila mmoja na simu yake usoni, nendeni Jambiani. Si kwa ajili ya mchanga mweupe, huo mmeshauona Instagram. Nendeni mkaone watu wanavyofunga kazi.

Mimi ni mtu wa masoko. Kurasa za wateja wangu ziko mkononi mwangu, na siku hizi mtu akiuliza bei saa tano usiku anataka jibu saa tano hiyo hiyo. Mume wangu kachoka. Kwenye boti, tukitoka Dar, aliniambia safari hii ni ya watu wawili, simu hazijakatiwa tiketi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni akina mama. Maji yakitoka, wanaingia na kamba na vijiti vyao, wanakwenda mpaka unawaona kama nukta. Maji yakirudi, kazi imekwisha. Hakuna cha "ngoja nimalizie kidogo." Nani abishane na bahari?

Tena si kila siku. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hutoka mbali, na hizo ndizo siku za shamba. Katikati yake ni maji mafu, hayatoki vya kutosha. Bi mkubwa mmoja niliyemsaidia kuanika mwani alinicheka nilipoyaita maji mafu likizo. "Mwanangu, na nyumbani nani afanye?" Kweli, maisha yao si mteremko. Bei ya mwani ni ndogo, na joto la bahari linaua zao. Lakini saa zao zinajulikana, hata watoto wanazijua.

Usiku ule, barazani, mimi na mume wangu tukapanga. Wiki ya kampeni ni bamvua yangu, asininunie. Kampeni ikiisha ni maji mafu: ikifika saa kumi na mbili jioni WhatsApp ya biashara inajibu yenyewe kwamba tumefunga, na la dharura analishika mwenzangu wa zamu.

Mteja wangu mkubwa nimeshamwandikia utaratibu huo. Alama mbili za bluu ziko pale tangu juzi, jibu bado.