Okidi za Kitulo na Gunia la Tunduma

Nilikuwa mkusanyaji wa mimea, na miaka yangu mizuri kazini niliipitisha Kitulo, uwanda wa nyasi kusini mwa Tanzania wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi ambao wengi huuita Bustani ya Mungu. Mvua zikikolea, okidi huchanua mpaka unakosa pa kukanyaga.

Kujua kundi si kazi. Geuza ua, tazama vijimkia vyake: Satyrium kwa kawaida inavyo viwili, Disa inacho kimoja kwenye kofia ya ua, Habenaria nayo inacho kimoja kinachoning'inia chini ya mdomo. Shughuli ni kupata spishi. Habenaria nyingi ni za kijani tupu, na huwezi kuzitenganisha bila lenzi: petali imegawanyika au ni nzima? Kijimkia kimenyooka au kimejipinda? Ukizikandamiza ndani ya magazeti, ua lote hugandamana likawa utando wa kahawia. Kwa hiyo sikumruhusu kijana yeyote arudi kambini na shina la kukausha peke yake. Maua mawili matatu yaliingia kwenye kichupa cha spiriti, na rangi iliandikwa palepale, kabla hayajanyauka.

Mchimbaji wa okidi za kuuza haangalii ua. Anafuata viazi vilivyo chini, kimoja kinacholisha shina la mwaka huu na kingine cha mwaka ujao. Akivitoa, mmea umekwisha. Viazi hupitia mji wa mpakani wa Tunduma hadi Zambia, vikatwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Ndani ya gunia, kwa macho, hakuna mtaalamu wa kukuambia hiki ni spishi gani.

Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini, hivyo askari hahitaji jina la spishi ili alizuie gunia. Anayelihitaji ni yule anayetaka kujua ipi inatoweka, maana ziko zisizoota popote duniani ila nyanda hizi za kusini. Hilo ndilo lililoninyima usingizi hata baada ya Kitulo kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Siku hizi maabara husoma vinasaba vya kiazi, hata vya chikanda iliyokwisha kuiva. Lakini vinasaba hulinganishwa na mmea ambao mtu aliutambua kwanza kwa ua lake. Nawasihi walioshika nafasi yangu waanze na zile za kijani ambazo watalii hawazipigi picha, na watoke nje ya mipaka ya hifadhi, ambako jembe linawatangulia.