Neno «mtoto» kwenye karatasi ya mutueli

Kila Jumamosi nasaidia kuandikisha jamaa za Kadutu, hapa Bukavu, katika mutueli ya afya. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka misingi ya mutueli nchini mwetu. Mlangoni pa kituo cha afya, lakini, huangaliwa jina lililoandikwa.

Karatasi tuliyopewa iliuliza: «Umezaa watoto wangapi?» Mama mmoja muuza ndizi alijibu: «Batatu.» Nyuma yake alisimama mvulana wa nne, akikohoa.

«Na huyu, mama?»

«Ni wa marehemu dada yangu. Mumeniuliza benye nilizala.»

Alijibu sawasawa. Swali ndilo lililomwacha mvulana nje. Kwa Kiswahili dada mdogo wa mama huitwa mama mdogo: ni mama pia. Tumbo na nyumba si hesabu moja.

Siku hizi tunauliza: «Nani wanalala na kula kwako?» Mchango hulipwa kwa kila kichwa. Mama yule alihesabu faranga zake mara mbili, kisha akalipa wa wanne.

Wenzangu wa idara, karatasi nyingine zinangoja kusomwa upya, kwa Kiswahili na kwa Mashi. Tunaanza saa mbili asubuhi.